Msitu wa kijiji: jinsi ya kuutenga, kuulinda na kuelewana na wanaouzunguka

Mwongozo huu ni wa kamati za maliasili, watendaji wa vijiji na yeyote aliyeambiwa na wenzake, "Hebu tusaidie, msitu wetu unaisha." Unahusu hasa Tanzania Bara, ambako Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu kwenye ardhi yake, kuusimamia chenyewe na kubaki na mapato yake. Msomaji wa Kenya naye atapata la kuchukua, ingawa kwao mambo hupitia vyama vya jamii vya misitu vinavyoingia mkataba na serikali.

Niseme msimamo wangu mapema. Misitu ya vijiji niliyoiona ikiharibika, mara nyingi haikuharibika kwa kukosa walinzi. Iliharibika kwa sababu mkutano ulifanywa haraka haraka, mtu anayeutegemea msitu hakuulizwa, na fedha ya kwanza ilipoingia wananchi hawakujua imekwenda wapi. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinakaa muda mrefu kwenye vikao na madaftari kuliko porini.

1. Hakikisheni ardhi ni yenu

Sheria zetu zinaigawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Msitu unaweza kuwa nyuma ya nyumba zenu kabisa na usiwe wenu. Kabla ya kuitisha mkutano wowote, mtendaji aende halmashauri akaonane na Afisa Ardhi na Afisa Misitu wa Wilaya, mkononi ana ramani ya kijiji na cheti cha ardhi ya kijiji. Aulize jambo moja: eneo hili limo ndani ya mipaka ya kijiji, au ni hifadhi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) au ya halmashauri?

Kama msitu ni wa serikali, kama ilivyo misitu mingi ya Milima ya Tao la Mashariki, mtaingia kwenye Usimamizi wa Pamoja: kijiji na mwenye msitu wanasaini makubaliano ya nani analinda nini na nani anapata nini. Someni kifungu cha mgawo kwa utulivu, maana kijiji kinaweza kujikuta kimebebeshwa doria yote na malipo yake ni kuni kavu. Kama msitu uko kwenye ardhi ya kijiji, mnaweza kuutenga kuwa Msitu wa Hifadhi wa Kijiji. Hapo mna nguvu zaidi: mnapanga matumizi, mnatoza faini, na malipo ya mazao yanaingia kijijini. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya pili.

Kama kijiji bado hakina mpango wa matumizi bora ya ardhi, ombeni halmashauri iwasaidie kuuandaa chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007. Msitu uliotengwa kwa mdomo tu, bila kuonekana kwenye mpango huo, siku moja atapewa mtu ekari humo ndani na hamtakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

2. Waulizeni wanaoutumia, kundi kwa kundi

Hii ndiyo hatua inayorukwa sana. Watu huanza na Mkutano Mkuu, wazee wanne wanazungumza, wengine wanainua mikono, kikao kinafungwa. Mwezi mmoja baadaye kamati inamkamata mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, naye anauliza kwa haki kabisa, "Nani aliniambia?"

Andikeni orodha ya kila anayeingia msituni na anachofuata. Wapasua mbao na wachoma mkaa mtawakumbuka mara moja. Ongezeni warina asali, waokota uyoga na matunda, waganga wa tiba asili, wakata fito na nguzo za kujengea, wanaochimba udongo wa vyungu, wazee wanaofanya matambiko, wachungaji wa kijijini, na wafugaji wanaopita kiangazi tu. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika, na ndiye atakayekuja na ng'ombe wengi mwezi wa tisa wakati ninyi mmeshamaliza vikao.

Kisha nendeni kwao. Wanawake wakutaneni peke yao, kwenye kitongoji chao, saa ambayo hawajaenda shamba wala kisimani. Wachoma mkaa msiwaite ofisini, maana watadhani ni mtego. Nendeni na mtu wanayemwamini, mkae chini mzungumze. Ulizeni maswali ya kawaida: unachukua nini, wapi, miezi gani, na ukizuiwa utapata wapi badala yake? Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Mchoma mkaa akijibu "sina pengine," basi mpango wenu usipomtengea mahali atachoma usiku, na katazo lenu litawachosha ninyi kabla halijamchosha yeye.

Mfano mzuri ni Duru-Haitemba, wilayani Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu ule kuwa hifadhi yake, wanavijiji wakapinga, na wakati wa mvutano huo miti iliendelea kukatwa. Walipoachiwa wausimamie wenyewe, vijiji viligawana maeneo, vikaweka walinzi wao na kanuni zao, na mambo kadhaa ambayo maofisa walikuwa tayari kuyaruhusu wanakijiji wenyewe waliyakataza. Watu hujibana wakijua kinachobaki ni chao.

3. Mkutano Mkuu na kuchagua kamati

Sasa itisheni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tangazo libandikwe mapema na lipigiwe mbiu kila kitongoji, likitaja ajenda ya msitu waziwazi, "mengineyo" haitoshi. Akidi itimie. Mahudhurio yawe na majina na sahihi, na muhtasari uandikwe papo hapo, usomwe kabla watu hawajatawanyika. Muhtasari huo utaombwa halmashauri, utaombwa na mfadhili, na siku ya kesi utaombwa mahakamani.

Mkutano ukikubali kutenga msitu, chagueni Kamati ya Maliasili. Kila kitongoji kitoe wajumbe, hasa vile vinavyopakana na msitu. Sheria inataka usawa wa jinsia uzingatiwe, lakini vijiji vingi huwaingiza wanawake kujaza idadi, kisha vikao vinaitishwa jioni wakati wa kupika. Mimi napendelea mwanamke ashike uhazini. Na mwenyekiti wa kijiji asiwe mjumbe wa kamati. Kamati inaripoti kwa Halmashauri ya Kijiji, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake. Akiwa pande zote mbili atakuwa anajikagua mwenyewe.

Wapo watakaosema mchoma mkaa hafai kuwa mjumbe. Anafaa sana. Anajua njia zote za panya, anajua magari yanakopakia, na kijiji kikimpa dhamana mbele ya watu ana cha kupoteza.

4. Tembeeni mpaka pamoja na jirani

Mpaka hautembewi na kijiji kimoja. Andikieni barua kijiji jirani kupitia mtendaji wao, mkubaliane siku, na kila upande ulete wazee wanaokumbuka pamoja na vijana wawili watatu, maana wazee hawatakuwepo milele.

Nimeona safari kama hiyo ikisimama nusu siku kwenye korongo. Mzee wa upande mmoja alisema mpaka ni mto, na mwenzake akakubali, ila akaeleza kwamba mto wenyewe ulihama wakati wa mvua kubwa: ule wa zamani ni huu mfereji mkavu wenye mikuyu, na maji ya leo yanapita kule mbele. Katikati palikuwa na kipande kizuri chenye mininga. Waliokuwa na mashine ya kupimia tayari walikuwa wameandika alama ya mto mpya. Hapo hapo wakafuta, wakakaa chini ya mkuyu wakabishana, na mwishoni wakakubaliana kufuata mfereji wa zamani, kisha wakarundika mawe na kuchora alama kwenye mikuyu miwili. Kama hiyo nusu siku isingetumika, ingelipwa baadaye kwa mapanga.

Baada ya kutembea, viongozi wa vijiji vyote wasaini hati ya makubaliano ya mpaka, kila kijiji kibaki na nakala na halmashauri nakala. Rangi na vibao vifuate baada ya sahihi, visitangulie. Safisheni mkuza, yaani ukanda wa mpaka usioachwa kuota miti, kwenye sehemu zinazopakana na mashamba, maana mpaka usioonekana kwa macho husogezwa kila msimu kwa jembe, futi mbili mbili.

5. Jueni mna nini humo ndani

Afisa misitu atawaongoza kufanya tathmini shirikishi: sampuli za vipande vya msitu, kuhesabu miti na kuipima. Msiogope neno tathmini. Mti hupimwa kipenyo usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na futi ya fundi cherehani inatosha. Zungusheni futi, someni mzingo, gawanyeni kwa 3.14. Mpingo, kwa mfano, haukatwi ukiwa chini ya sentimita 24 za kipenyo, ambayo ni mzingo wa sentimita 75 na kidogo. Mwanakamati akikumbuka hiyo 75 hahitaji kikokotoo porini.

Majina ya miti andikeni kama mnavyoyatamka kijijini, kisha afisa aweke ya kitaalamu pembeni. Mkianza na ya kitaalamu, nusu ya kamati itanyamaza.

Kisha gaweni msitu kwa matumizi. Vyanzo vya maji na kingo za mito, hapaguswi. Sehemu za matambiko, hapaguswi, na kanuni zake waachieni wazee wenyewe. Huko pwani ya Kenya makaya ya Wamijikenda yameishi karne nyingi kwa miiko tu, na mwaka 2008 baadhi yake yakaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Sehemu nyingine ya mbao, nyingine ya kuni na fito, nyingine ya malisho ya kiangazi ikiwa wafugaji wapo, na njia ya kupitisha mifugo kwenda kwenye maji.

Mkaa nao upangiwe. Vijiji vya wilaya ya Kilosa, kwa kushirikiana na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) na mtandao wa MJUMITA, vimeonyesha namna yake. Eneo la mkaa linagawanywa katika vipande vya mita 50 kwa 50, kinavunwa kimoja na cha pembeni kinaachwa, kama vyumba vyeusi na vyeupe vya bao la drafti. Visiki vinachipua vyenyewe kwa sababu miti mingi ya miombo huchipuka ikikatwa vizuri, na kipande hakirudiwi mpaka ipite miaka 24. Masharti mawili huamua kama itafanikiwa: visiki visichomwe moto wala kung'olewa, na shamba lisifunguliwe kwenye kipande kilichovunwa. La pili ndilo gumu. Msitu uliokatwa mkaa unarudi. Uliogeuzwa shamba la ufuta haurudi.

Yote haya yaandikwe kwenye mpango wa usimamizi, kwa kawaida wa miaka 5, kwa Kiswahili ambacho mjumbe wa darasa la saba anaweza kukisoma kwa sauti mkutanoni.

6. Sheria ndogo zinazotekelezeka

Sheria ndogo huandaliwa na Halmashauri ya Kijiji, hujadiliwa na Mkutano Mkuu, hupitia kata na mwisho hupitishwa na Baraza la Madiwani. Zisipofika huko, faini zenu hazina miguu mahakamani. Fuatilieni, faili hulala mezani miezi mingi kama hakuna anayeliulizia, na diwani wenu ndiye mtu wa kumsumbua.

Katika kuandika, anzeni na yanayoruhusiwa bure bila kibali: kuni zilizoanguka kwa matumizi ya nyumbani, uyoga, matunda, dawa kwa kiasi. Halafu yanayoruhusiwa kwa kibali na malipo. Makatazo yaje mwisho na yawe machache. Sheria ndogo yenye makatazo thelathini huvunjwa na kila mtu kabla ya jua kuzama, na kamati itabaki kuchagua nani wa kumkamata. Hapo ndipo chuki inapoanzia.

Faini iwe inayouma lakini inayolipika. Elezeni pia vyombo vilivyokamatwa vinafanywa nini, panga, msumeno, baiskeli: vinaandikwa wapi, vinatunzwa na nani, vinarudishwa lini. Baiskeli iliyokamatwa ikionekana inaendeshwa na mtoto wa mjumbe, mmekwisha.

7. Doria na moto

Doria ifanywe na watu wasiopungua wanne, siku zisizotabirika, na kila mara iwe na daftari: tarehe, waliokwenda, njia waliyopita, walichokuta, walichofanya. Hata kama hamkukuta kitu, andikeni. Daftari linaonyesha eneo lisilotembelewa, na mara nyingi huko ndiko kuna tanuri.

Mkikuta watu wenye silaha, rudini. Andikeni mahali na saa, pigeni simu polisi na TFS. Posho ya doria ni ndogo, hakuna anayepaswa kufa kwa ajili yake. Na mkimkamata mtu, apelekwe kwa mtendaji siku hiyo hiyo. Kumpiga au kumfungia kwenye ghala kunawageuza ninyi kuwa washtakiwa.

Kuhusu moto, miombo imezoea kuungua na hamtaweza kuuzuia wote. Kinachowezekana ni kuchagua wakati. Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita chini chini na kuacha miche. Moto wa Septemba au Oktoba hupanda juu, unaua machipukizi na kuunguza mizinga. Kwa hiyo chomeni mapema kwa vipande, asubuhi au jioni, upepo ukiwa umetulia, watu wa kutosha wakiwa na matawi mabichi, na jirani ameshaarifiwa. Wawindaji na warina asali wanaotumia kienge wapeni nafasi kwenye mpango huu, kwa sababu moto mwingi wa mwezi wa kumi hutoka mikononi mwao au kwa anayesafisha shamba lake.

8. Fedha

Hapa ndipo msitu unapopona au kufa, kwa hiyo niruhusuni nikae.

Kwanza, mnunuzi asiwakute hamjajiandaa. Atafika Ijumaa jioni na lori tupu, atataja bei, atasema yuko tayari kulipa taslimu sasa hivi. Kamati iwe na bei ya kila aina ya mti iliyopitishwa na kijiji kabla, na kiasi cha kuvuna mwaka huo kinachotoka kwenye mpango. Wilayani Kilwa, kijiji kama Kikole kilipokuwa na msitu uliopimwa na mpango unaoeleweka, kikisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo (MCDI), kilifika mezani na wanunuzi kikijua thamani ya mti wake. Mwaka 2009 vijiji vya huko vikapata cheti cha usimamizi bora wa misitu cha FSC, baraza la kimataifa la misitu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Cheti ni jambo zuri, lakini faida kubwa ilianza pale kijiji kilipoweza kusema "hapana" kwa bei mbaya.

Pili, mnunuzi afuate mlolongo na msiruke hata kituo kimoja. Maombi yaandikwe, kamati ijadili, Halmashauri ya Kijiji iidhinishe, fedha iingie benki, ndipo miti iwekewe alama mbele ya wajumbe wawili na mnunuzi. Baada ya kukata, magogo yapimwe na kupigwa nyundo ya kijiji, ile inayogonga alama ya uhalali, na hati ya kusafirishia itolewe kwa idadi hiyo tu. Nyundo itunzwe na mtu mmoja na kabati lenye kufuli lishikwe na mwingine. Nyundo ikiazimwa usiku mmoja, magogo ya kijiji kizima yanaweza kupita barabarani kihalali.

Tatu, stakabadhi. Kila shilingi, ya kibali, ya faini, ya gogo, ya mkaa, iandikiwe stakabadhi yenye nakala. Mnapokagua kitabu, msianze na jumla. Anzeni na namba. Mkiona 0451 halafu 0453, hiyo 0452 iko wapi? Kama iliharibika, ukurasa wenyewe na nakala zake vibaki kitabuni vimepigwa msalaba na kusainiwa. Kisha linganisheni na daftari la doria: faini tatu zimeandikwa porini mwezi huu, stakabadhi ni ngapi? Mkaguzi wa aina hii hahitaji shahada, anahitaji kukubaliwa aulize. Chagueni wanakijiji watatu wasio wajumbe wa kamati wala wa Halmashauri ya Kijiji, wafanye kazi hii kila robo mwaka.

Nne, mgawanyo uamuliwe na Mkutano Mkuu kabla fedha haijaingia. Fedha ikishaonekana, kila mtu ana hoja. Sehemu irudi msituni kwa doria, rangi, moto na posho. Sehemu iende kwenye kitu ambacho mtu asiyewahi kukanyaga msituni anakitumia: kisima, choo cha shule, nyumba ya muuguzi, bima ya afya ya wazee. Kitu hicho kibandikwe kibao, "Kimejengwa kwa fedha ya msitu." Mama anayechota maji pale atakuwa mlinzi wenu bila posho.

Tano, someni hesabu hadharani. Mkutano Mkuu wa robo mwaka uwe na ajenda ya mapato na matumizi ya msitu, ya pili baada ya kufungua kikao, watu wakiwa bado hawajachoka. Karatasi hiyo hiyo ibandikwe kwenye ubao wa ofisi na, ikiwezekana, kwenye kilabu na msikitini na kanisani. Nimesikia viongozi wakisema wananchi hawaelewi hesabu. Wanaelewa vizuri sana, hasa ya kutoa.

9. Tembo, nyani na mashamba ya pembeni

Msitu ukishapumua, wanyama hurudi, na anayelima pembeni ndiye anayelipa gharama ya uhifadhi wenu. Msimwambie avumilie. Msaidieni.

Kwa tembo, uzio wa mizinga umefanya kazi mahali pengi Kenya na Tanzania: mizinga inaning'inizwa kila baada ya mita 10 kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya, tembo akisukuma waya mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Unamlinda mkulima na kumpa asali, ila kama mizinga haina nyuki ni kamba tu, hivyo uwekwe karibu na maji na maua. Kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu husaidia zikirudiwa baada ya kila mvua. Kwa nyani na ngedere hakuna ujanja unaoshinda mtu aliyeamka mapema. Kinachosaidia ni mashamba kupangwa kwa mfululizo ili zamu ya ulinzi igawanywe, na mahindi yasiwe ndiyo zao linalogusa mpaka.

Mnyama mkali akiharibu shamba au akijeruhi mtu, mtendaji aandike taarifa mara moja na kuipeleka kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Kuna kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa majeruhi na wafiwa, chini ya kanuni za mwaka 2011. Waelezeni watu kweli tupu: si fidia kamili, kwa mazao kuna ukomo wa ekari 5, na huchelewa. Pigeni picha, pimeni eneo, wekeni mashahidi siku hiyo hiyo, maana shamba likishapandwa upya hakuna cha kuonyesha.

10. Kipato kisichoangusha mti

Nyuki ndio wa kwanza kufikiriwa, na ni sawa. Angalizo langu ni mizinga ya magome: kutengeneza mmoja ni kubandua mti mzima, nao hukauka. Vikundi vihamie mizinga ya mbao au ya viunzi vya masega vinavyotolewa, na soko litafutwe kabla ya msimu, kwa pamoja, ili asali isiuzwe kwenye ndoo kando ya barabara kwa bei ya yeyote anayepita. Pwani ya Kenya, wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo na kuwauza nje ya nchi wakiwa bado pupa, yaani ndani ya ganda, tangu 1993, kupitia mradi wa Kipepeo. Vikundi vya Amani, Usambara Mashariki, vimefanya kazi ya namna hiyo pia.

Sasa hivi wanakuja pia watu wa biashara ya kaboni, yaani kijiji kulipwa kwa hewa ukaa ambayo miti yake inaihifadhi. Ipo inayolipa kweli, kama ya Wahadzabe wa Bonde la Yaeda. Lakini kabla hamjasaini, mkataba usomwe wote kwa Kiswahili Mkutano Mkuu, na mjue mambo matano: ni wa miaka mingapi, kijiji kinapata sehemu gani ya bei ya mauzo, nani anahakiki mauzo hayo, matumizi gani yanakatazwa, na msitu ukiungua nani anabeba hasara. Mwanasheria wa halmashauri aupitie. Anayewaharakisha, mwambieni arudi mwezi ujao.

11. Ugomvi ukitokea

Utatokea. Mfugaji ameingiza ng'ombe, kijana amefungua shamba ndani ya mpaka, kijiji jirani kimeuza magogo yenu. Anzeni na wazee wa pande zote, halafu Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na wanawake wasiopungua watatu, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Kwa wafugaji, tafuteni kiongozi wao wa kimila kabla ya kutafuta polisi. Mkikubaliana njia na miezi ya malisho, yeye ndiye atakayewarudi vijana wake. Mashamba yaliyofunguliwa kabla ya msitu kutengwa yashughulikiwe tofauti na yaliyofunguliwa baadaye, na orodha yake muwe mliiandika siku ya kutembea mpaka.

12. Kamati inapobadilika

Muda wa kamati ukiisha, makabidhiano yafanywe kwa maandishi mbele ya mtendaji na afisa misitu: mpango wa usimamizi, sheria ndogo, hati za mipaka, mihtasari, madaftari ya doria, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika na namba zake, taarifa ya benki, nyundo, funguo, mashine ya kupimia, vitu vilivyokamatwa na bado havijaamuliwa. Watia saini wa akaunti wabadilishwe wiki hiyo hiyo. Wajumbe wapya watembee mpaka na wa zamani angalau mara moja, na mmoja au wawili wa zamani wabaki kwenye kamati mpya kama wapiga kura wataridhia. Mpango ukikaribia kwisha, anzeni tathmini ya pili mapema, mwaka mmoja kabla, kwa sababu kupata tarehe ya Afisa Misitu wa Wilaya peke yake kunaweza kumaliza miezi mitatu.